Hesabu ya Daraja Kavu

Jumamosi, Tbilisi. Daraja Kavu,
jina lililobaki baada ya maji kuondoka.
Mfukoni nina lari mia mbili na ishirini,
zimenusurika kodi ya chumba, gesi, na meno ya mama.

Anzor ametandika shuka juu ya boneti ya gari:
medali, vijiko, kengele ya mlango usiokuwepo,
na kamera kumi na moja zimejikunyata kama kuku mnadani.

"Hii ya Kijerumani," anasema. Mia tisa.
Naipakata kidogo, kama mtoto wa watu,
kisha namrudisha mtoto kwa wenyewe.

Ile nzito ya Kiev, bei inashikika,
lakini nimesikia tabia yake:
hulaza picha ya tatu juu ya pili,
ndugu wawili kitanda kimoja, wakipigana mateke.

Ya kukunja naiingiza ndani ya koti langu,
najifunika kichwa, nawasha tochi tumboni mwake.
Nyota mbili zinachomoza kwenye mikunjo.
Nzuri, nyota. Zingekula filamu yangu yote.

Mchagua nazi hupata koroma;
asiyechagua hupata kifuu.
Anzor anakohoa. Nachagua bado.

Halafu hii: sanduku jeusi, macho mawili,
la juu la kutazama, la chini la kukumbuka.
Gurudumu la kulenga gumu, linataka kidole cha mkandaji.
Ninacho. Mia na kumi.

Na kipima mwanga? Sitini.
Nakifunika kwa kiganja, mshale unalala.
Nafunua, unaamka. Mzima kabisa, mwana haramu.
Naandika kwenye mfuko wa mkate:
kamera, kipimo, filamu moja thelathini na nane,
kuisafisha ishirini na tano.
Zimepungua kumi na tatu.
Nahesabu tena kwa kalamu nyingine. Kumi na tatu.

Kipimo bila filamu ni mizani bila unga.
Nakirudisha. Nachukua filamu mbili.
Moja itasafishwa, ya pili ingoje mshahara.
Zinabaki tisa: kahawa, na basi la kurudi.

Tsisana, aliyenifundisha tanuri,
hajawahi kuamini kipimajoto.
Hutumbukiza mkono mdomoni mwa moto na kuhesabu:
ukifika nne kabla ya kuutoa, bandika mkate.
Basi nami nilianza kuhesabu vivuli.
Kivuli changu kikiwa na ukingo wa kisu, kumi na sita.
Ukingo ukilegea, kumi na moja.
Kikinikimbia kabisa, nane, na moyo mkononi.

Picha kumi na mbili tu. Kwa kumi na mbili
mtu hujifunza kunyamaza kabla ya kubonyeza.
Mpwa wangu Saba (jina, si idadi)
akikimbilia kushoto uani,
kwenye kioo anakimbilia kulia.
Nilimfuata kinyumenyume, nikapata kisigino.

Zikarudi kutoka kwenye dawa:
tatu zimekuwa unga mtupu,
mbili masizi, mbili Saba hayumo.
Zilizobaki ni picha, tuseme hivyo.
Ya kumi na moja ni Tsisana, ameinamia tanuri.
Humo ndani nilibahatisha, nikaacha mwanga uingie mno,
na mkono wake umetoka mitatu:
mmoja unaingia, mmoja unatoka,
mmoja katikati umekaa kimya, unahesabu.
Ameitazama sana. Akauliza mkate uliungua?
Nikasema hapana.

Jumamosi iliyofuata kipimo kilikuwa palepale,
kati ya kijiko na jemadari wa bati.
Nikakifunika kwa kiganja.
Nikatazama mawingu, nikatazama kivuli cha Anzor,
nikasema polepole, kwa meno: nane.
Nikafunua.
Mshale ukaruka, ukayumba, ukatua kwenye nane.

"Hamsini," akasema Anzor, "kwa sababu ni wewe."

"Wiki ijayo," nikasema, nikakifunika tena.